Sura ya Saba: Megawati za Saa Nane Mchana

Mtambo wa gesi wa Dar es Salaam hutoa umeme mwingi saa kumi na moja alfajiri kuliko saa nane mchana, hata kama hakuna fundi aliyeugusa. Gesi ni ile ile inayotoka Songo Songo, mashine ni ile ile, na kwenye skrini za chumba cha udhibiti hakuna alamu hata moja inayolia. Kilichobadilika ni hewa. Nguvu ya tabaini ya gesi inategemea uzito wa hewa inayopita ndani yake, na hewa ya moto ni nyepesi. Kompresa inazunguka kwa kasi ile ile na kumeza ujazo ule ule, lakini uzito wa hewa inayoingia umepungua, na umeme unapungua nao.

Watengenezaji wanalijua jambo hili tangu zamani. Megawati zinazoandikwa kwenye cheti cha mashine hupimwa kwa masharti ya kimataifa: nyuzi joto 15, unyevunyevu wa asilimia 60, usawa wa bahari. Usawa wa bahari Dar es Salaam wanao. Nyuzi 15 itabidi wakaziombe Njombe.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua mashine yenye megawati 40 kwenye cheti, na tuseme inapoteza asilimia 0.7 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja inayozidi 15, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa mashine za namna hii. Alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 24, itatoa kama megawati 37.5. Saa nane mchana, nyuzi 32, itatoa 35 na ushei. Megawati mbili na zaidi zimepotea, na usiku zitarudi zenyewe bila kuitwa. Mambo yanakwenda hivyo kila siku. Opereta aliyekaa kwenye kiti kile miaka kumi hashtuki tena, na ana haki.

Shida inajificha humo humo. Kompresa ya tabaini ya gesi ina safu nyingi za mapanga membamba, na inavuta hewa kwa mamia ya tani kila saa. Pwani hewa ina chumvi. Mjini ina masizi ya malori na vumbi la barabara. Filta zinazuia sehemu kubwa, lakini chembe ndogo kabisa hupita, hukutana na unyevu na mvuke wa mafuta ya beringi, kisha hung'ang'ania kwenye mapanga. Panga lililokuwa laini linakuwa na ukoko. Hewa haitelezi tena juu yake ilivyokusudiwa, kompresa inakula nguvu zaidi kufanya kazi ile ile, na kinachobaki kwa ajili ya jenereta kinapungua. Bandu bandu huisha gogo: leo sehemu ndogo ya asilimia, wiki ijayo nyingine, mpaka asilimia tatu zimekwenda.

Asilimia tatu ya mashine yetu ni megawati moja hivi. Sasa mtu aniambie ataionaje megawati moja inayoondoka taratibu kwa mwezi mzima, wakati namba yenyewe inapanda na kushuka kwa zaidi ya mbili kila siku kwa sababu ya jua. Haonekani mwizi katika nyumba ambayo vitu vinahama vyenyewe usiku na mchana.

Kwa hiyo megawati zinazosomwa kwenye skrini, peke yake, hazimwambii opereta kama mashine yake ni nzima. Anahitaji namba ya pili: kwa hewa hii, kwa joto hili, kwa mgandamizo huu wa hewa, mashine safi ingekuwa inatoa kiasi gani sasa hivi? Kompyuta inaweza kuijibu hesabu hiyo kila dakika, na hesabu yenyewe si ngumu; mtengenezaji huleta michoro yake pamoja na mashine. Ukitoa namba moja kutoka kwa nyingine, unapata pengo. Pengo halijali alfajiri wala adhuhuri. Mashine ikiwa safi linakaa karibu na sifuri kutwa kucha. Mashine ikichafuka linakua, na linakua kwa mstari ambao hata mgeni anaweza kuuona kwenye grafu. Katika sura hii yote, ninaposema data ya uendeshaji inaboresha mtambo, ninamaanisha pengo hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Vipimo vitupu mitambo inavyo vingi mno.

Pengo likishajulikana, linageuka kuwa fedha. Mashine yetu ikizalisha megawati 35 mchana na usiku, na ikitumia kilojuli 10,000 za gesi kwa kila uniti moja ya umeme, basi kila asilimia moja ya ufanisi inayopotea inateketeza zaidi ya mita za ujazo 2,000 za gesi kwa siku. Hizo ni kwa mashine moja, tena ndogo.

Dawa yake ni kuiosha, na hapo ndipo uamuzi unapoanza kuwa na ladha. Unaweza kuiosha ikiwa inafanya kazi, kwa kunyunyizia maji safi yaliyoondolewa madini. Inasaidia kidogo na haisimamishi uzalishaji. Au unaweza kuizima, kuisubiri ipoe, kuizungusha polepole kwa mota ya kuwashia, kuipigia sabuni, kuiacha iloweke, kuisuuza na kuikausha. Njia hii ya pili inarudisha nguvu nyingi zaidi, lakini imekugharimu saa nyingi bila umeme. Mitambo mingi huosha kwa kalenda: kila baada ya saa kadhaa za kazi, kitabu kimesema. Kalenda inaosha mashine iliyo safi baada ya mvua za masika, na inaiacha chafu ile iliyopigwa na vumbi la ujenzi wa jirani. Anayefuatilia pengo anaweza kusema kwa uhakika: tusubiri usiku wa Jumapili, mzigo ukiwa mdogo, kwa sababu kufikia hapo gesi tunayoipoteza itakuwa imezidi gharama ya kusimama.

Lakini hesabu yote hiyo imesimama juu ya kipima joto kimoja, kile kinachopima hewa inayoingia. Kifunge ukutani upande wa magharibi, jua la alasiri likipige, kitasoma nyuzi tatu zaidi ya hewa yenyewe. Kompyuta itaamini ni joto kali, itaitetea mashine, itasema kwa joto hili inajitahidi sana. Asilimia mbili za uchafu zimefichwa na kipimo kilichokosewa mahali pa kufungwa. Ndiyo maana fundi wa vipimo, yule anayetembea na mkoba na kipimo chake cha kulinganishia akikagua kihisi kimoja kimoja, ana thamani kuliko skrini kubwa yoyote inayowekwa kwa ajili ya wageni. Bahati mbaya bajeti yake huwa ya kwanza kukatwa.

Kihisi kinaweza pia kusema ukweli kuhusu jambo ambalo hukukiuliza. Mfano maarufu kuliko yote ulitokea alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha pili cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Vali moja ya kupunguza mgandamizo ilifunguka, kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama bila kufunga. Kwenye ubao wa chumba cha udhibiti taa yake ilizimika, na waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefunga. Taa ile haikuwa inapima vali. Ilikuwa inaonyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza kinu yalikuwa yakitoka kwenye tundu ambalo kila mtu chumbani aliamini limezibwa, na wao wenyewe wakapunguza maji ya dharura kwa sababu kipimo kingine kiliwafanya wadhani yamejaa kupita kiasi. Dakika za mwanzo alamu zaidi ya mia moja zililia kwa pamoja. Printa iliyokuwa ikichapa orodha ya alamu ilizidiwa, ikawa inachapa mambo yaliyokwisha kupita kitambo. Sehemu kubwa ya kiini cha kinu iliyeyuka. Hadi leo wahandisi wanaochora vyumba vya udhibiti hufundishwa kutofautisha amri na matokeo, na bado nimeona kwenye mitambo michanga kabisa alama ya kijani yenye maana ya "nimetuma".

Kupima ili kulinganisha kulianza kabla ya mitambo ya umeme kuwepo. Mwaka 1811 migodi ya shaba na bati ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilikuwa inajaa maji, na maji yalitolewa kwa injini za mvuke zilizokula makaa ya mawe. Cornwall haina makaa yake. Yalikuja kwa meli kutoka Wales, na yalikuwa ghali. Kila mhandisi aliapa kwamba injini yake ndiyo inayokula kidogo. Joel Lean, msimamizi wa mgodi, akapewa kazi ya kuzipima zote. Kaunta iliyofungwa kwa kufuli ilihesabu mapigo ya injini, makaa yalihesabiwa, na kila mwezi taarifa ikachapishwa ikionyesha mgodi, mhandisi, na uzito wa maji ulionyanyuliwa kwa kila kipimo cha makaa.

Katika muda wa miaka thelathini hivi, wastani wa kazi iliyopatikana kwa kiasi kile kile cha makaa ulipanda zaidi ya mara tatu. Hakuna uvumbuzi mmoja uliofanya hivyo. Arthur Woolf alileta mambo yake, Richard Trevithick boila yake, na Samuel Grose akapata sifa kwa jambo ambalo mama yeyote anayefunika sufuria angelielewa: alifunika mabomba na silinda zisivujishe joto. Kilichowasukuma wote ni kwamba mwezi ukiisha, jirani angeziona namba zako. Taarifa ya mwezi ilitosha kwa kazi ile, kwa kuwa boila haibadiliki kila saa.

Hapa nataka kupinga jambo linalouzwa sana. Wauzaji wa programu husifu mfumo unaosasisha namba kila sekunde, kana kwamba sekunde yenyewe ndiyo bidhaa. Kila jambo mtamboni lina saa yake. Rilei inayolinda transfoma huamua kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Gavana inayoshika mzunguko wa mashine ili gridi ibaki kwenye mizunguko 50 huamua kwa sekunde. Opereta, kwa dakika. Uchafu wa kompresa, kwa wiki. Bwawa, kwa miezi. Kumletea meneja uchafu wa kompresa kila sekunde ni kumchosha macho. Kumletea mtetemo wa beringi kwenye taarifa ya mwezi ni kumletea maiti.

Chukua kwanza saa ya rilei. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine za kituo zikazidiwa, megawati zaidi ya 180 zikatoka kwenye gridi, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika. Tukio zima lilikuwa nje ya uwezo wa binadamu aliyekaa mbele ya skrini. Jibu lake ni uzio mzuri, rilei zilizopangwa sawasawa, na gridi yenye akiba ya kutosha. Nalitaja kwa sababu kila baada ya giza la namna hiyo hutokea mtu akapendekeza kununua skrini zaidi.

Tuje kwenye saa ya dakika, ambayo ndiyo ya binadamu.

Kwenye mto Yenisei, kusini mwa Siberia, kuna kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya. Kina mashine kumi za megawati 640 kila moja, jumla megawati 6,400, zaidi ya mara tatu ya bwawa letu la Julius Nyerere pale Rufiji. Mashine namba 2 ilikuwa ikifanya kazi tangu 1979. Mwanzoni mwa 2009 ilifanyiwa matengenezo makubwa, ikafungiwa mfumo mpya wa kuiongoza, ikarudi kazini.

Mashine za aina hii, zinazoitwa Francis, zina tabia ambayo kila fundi wa umeme wa maji anaijua. Zikifanya kazi karibu na uwezo wake, maji yanatoka chini yake yakiwa yametulia. Zikifanya kazi nusu nusu, maji yanayotoka huanza kujisokota kama kamba ndani ya bomba la kutolea maji, kamba ile inapiga kuta, na mashine nzima inatetemeka. Pale Sayano-Shushenskaya, kwa kimo cha maji cha mita 212, mashine iliruhusiwa kufanya kazi chini ya megawati 265 au juu ya 570. Kati ya hapo haikushauriwa kukaa. Ulitakiwa kupita haraka.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Agosti 2009 moto ulitokea kwenye kituo kingine, Bratsk, ukaharibu mawasiliano yake, na kazi ya kusawazisha gridi ya Siberia ikahamishiwa Sayano-Shushenskaya. Kusawazisha maana yake ni kupanda na kushuka kila mahitaji yanapobadilika. Mashine namba 2 iliwekwa mstari wa mbele. Asubuhi ile ikavuka eneo lile lisiloshauriwa mara kwa mara, kwenda na kurudi.

Mtetemo ulikuwa unapimwa. Kwa mujibu wa taarifa ya uchunguzi ya serikali ya Urusi, kihisi kimoja kwenye beringi ya tabaini kilionyesha mikroni 840 muda mfupi kabla ya ajali, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni 160. Saa 2:13 asubuhi bolti zilizoshikilia mfuniko wa tabaini zilikatika. Maji yenye msukumo wa kimo cha mita mia mbili yalinyanyua mfuniko pamoja na rota, jumla ya uzito wa mamia ya tani, na kuvitupa ndani ya ukumbi wa mashine. Umeme wa ndani wa kituo ukazimika, na malango ya juu ya bwawa ikabidi yafungwe na watu waliopanda huko kwa miguu. Watu 75 walikufa. Bolti zilipookotwa na kuchunguzwa, nyingi zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma zilizokua kwa muda mrefu, na sita hazikuonyesha dalili ya kuwa na nati.

Wapo wataalamu wa Urusi waliozipinga zile mikroni 840. Walisema kihisi kile kilikuwa kibovu, kwamba kilionyesha mtetemo mkubwa hata mashine ikiwa imesimama, na vihisi jirani havikuonyesha hivyo. Huenda ni kweli. Kwangu mimi maelezo hayo yanazidisha uzito wa kesi. Ikiwa kihisi kilikuwa sahihi, mashine iliachwa iendelee ikiwa mara tano ya kiwango. Ikiwa kilikuwa kibovu, basi mashine ya megawati 640 iliongozwa asubuhi nzima huku kipimo chake cha hatari kikisema upuuzi na hakuna aliyetumwa kukibadilisha. Kwa vyovyote vile, namba ilikuwepo na haikuwa ya mtu. Panapaswa kuwa na kanuni kwamba mtetemo ukifika kiasi fulani mashine inazimwa, yeyote awe amesemaje kwenye simu kutoka kituo cha gridi.

Simu hiyo ndiyo inayosahaulika kwenye vitabu vya data. Fikiria fundi wa zamu saa tisa usiku. Kituo cha kudhibiti gridi kimempigia: "Kaka, niongezee kumi." Mbele yake kuna mtetemo unaopanda. Akikataa na ikaja kuonekana mashine ilikuwa nzima, kesho ataandika maelezo. Akikubali na mashine ikafa, naye pia ataandika maelezo, ila safari hii pamoja na wengine wengi. Binadamu wa kawaida atakubali. Kinachombadilisha ni karatasi moja iliyosainiwa na mkubwa wake mapema, mchana, watu wakiwa na akili zao: ikifika hapa, zima, usimpigie mtu simu.

Tabia ile ya mashine za Francis ina upande wake wa faida, na hauna damu. Kituo cha Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kina mashine nne za megawati 51. Gridi ikiomba megawati 100, unaweza kuwasha mbili zikafanya kazi karibu na uwezo wake wote, au tatu zikagawana theluthi theluthi, au zote nne zikichechemea nusu nusu. Umeme unaotoka nje ni ule ule. Maji yanayotumika si yale yale: mashine ya Francis ikiwa nusu mzigo hupoteza asilimia kadhaa za ufanisi, mbali na kujitikisa. Kompyuta inayopima mtiririko wa maji na kimo cha bwawa papo kwa papo inaweza kumwonyesha opereta, kwa kila mchanganyiko, uniti moja inamgharimu mita ngapi za ujazo.

Hata hivyo opereta mzoefu mara nyingi atawasha tatu, na hana makosa. Mashine mbili zilizojaa hazina akiba. Moja ikijizima, gridi inapigwa kwa megawati 50 bila mtu wa kuziba pengo. Ile ya tatu ni bima, na bima inalipiwa kwa maji. Data haimwondolei uamuzi huo. Inamwambia tu bei yake usiku huu ni ngapi, jambo ambalo zamani lilikisiwa. Kule Kihansi, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 800 na mashine ni za aina ya Pelton, suala hili halina uzito hivyo, kwa kuwa Pelton haijali sana kufanya kazi nusu mzigo.

Juu ya Kidatu liko Mtera, na hapa tunafika kwenye saa ya miezi. Bwawa la Mtera hushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 3 likijaa, kwenye kimo cha mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi mita 690, mashine zake mbili zenye jumla ya megawati 80 zinatakiwa kusimama. Bwawa la Kidatu ni dogo mno kwa kulinganisha, kama mita za ujazo milioni 125. Maji ya Mtera huzungusha mashine za Mtera, husafiri bondeni kwa saa nyingi, kisha huzungusha za Kidatu. Tone moja linalipa mara mbili. Kati ya mabwawa hayo mawili huingia mito mingine, mkubwa ukiwa Lukosi unaotoka milima ya Udzungwa, na Yovi.

Hapo ndipo penye hesabu. Lukosi ukifurika usiku, Kidatu itapata maji bila kuiomba Mtera. Anayefungulia Mtera bila kujua hilo anayapeleka maji ya akiba kwenye bwawa dogo ambalo tayari linajaa, na yanayozidi yanapita juu ya malango bila kuzungusha chochote upande wa Kidatu. Kipimo cha kimo cha maji kwenye Lukosi, chenye kutuma namba kila robo saa, ni kifaa cha bei ndogo sana ukikilinganisha na mashine hata moja. Kinahitaji nguzo imara isiyochukuliwa na mafuriko, paneli ndogo ya sola, laini ya simu, na kijana wa kijijini wa kuondoa magogo na kusafisha tope mvua zikikatika. Kijana huyo ndiye anayekosekana mara nyingi. Vipimo vya mito vya nchi nyingi za Afrika Mashariki vimefungwa kwa fedha za miradi, vikafanya kazi mradi ukiwepo, vikanyamaza mradi ulipoisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mtera ilipokauka na nchi ikaingia kwenye mgawo, lawama nyingi zilikwenda kwa wakulima wa mpunga wa Usangu, huko juu kabisa ya mto. Watafiti waliochunguza baadaye walibishana. Baadhi yao walisema sehemu ya tatizo ilikuwa namna maji yalivyofunguliwa kutoka Mtera katika miaka iliyotangulia ukame wenyewe. Ubishi wa namna hiyo hauwezi kumalizwa kwa hoja. Unamalizwa kwa kumbukumbu za kila saa: bwawa lilikuwa kwenye kimo gani, lango lilifunguliwa kiasi gani, Lukosi ulikuwa unaleta nini saa hiyo, na nani alitoa agizo. Palipo na kumbukumbu hizo, mkulima wa Usangu na mhandisi wa Mtera wanaweza kukaa meza moja na kila mmoja akaulizwa kuhusu maji yake mwenyewe.

Kosa la mtambo wa gesi huonekana kwenye ankara ya mwezi ujao. Maji yaliyoachwa yapite bure mwezi Machi hutafutwa Oktoba, wakati mvua hazijaanza, bwawa limeshuka, na aliyekuwa zamu usiku ule wa Machi labda ameshahamishiwa kituo kingine. Mkataba wa uendeshaji wa mabwawa yanayofuatana mtoni kama haya ungepaswa kuandika kwa majina ya vyeo ni nani anayeusoma Lukosi kila asubuhi na ni nani, akishausoma, ana ruhusa ya kufunga lango la Mtera bila kusubiri kikao.